Zumari Isikatike

Sauti ilianza chini, nene, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Ikapanda. Ikazunguka juu ya mapaa ya mtaa wa Shella, Malindi, ikateremka kwa madaha, ikajikusanya ipande tena pale kwenye kona ya wimbo, na hapo ikatoa kwiiik! kama jogoo aliyedakwa shingo, ikanyamaza.

Upande wa pili wa ukuta, cherehani nayo ikanyamaza.

"Pale pale!" mwanamke akapaza sauti. "Pale pale tangu Jumatatu!"

Kenga aliitoa zumari kinywani, akafuta midomo kwa kiganja, akajifanya hakusikia. Barazani pake walikuwa wameketi watu sita, na wote walikuwa wakipiga makofi. Hawakuipigia ile kwiiik. Waliupigia mwanzo. Mwanzo wa Kenga ulikuwa mtamu hata muuza kahawa alisimamisha birika lake akasikiliza, na Kenga alilijua hilo vizuri.

"Rudia, bwana," akasema Dzombo, fundi mwenzake wa kutia vigae. "Rudia toka juu. Ule mwanzo wako unanisimamisha nywele."

Kenga akarudia toka juu. Nyuki, mzunguko, mteremko, kona. Kwiiik! Makofi.

Siku zilikuwa zimebaki kumi na sita.

Siku ya kumi na sita, Jumamosi, kaka yake, Mwambire, alikuwa anaoa. Bibi harusi, Pola, angetoka kwao Adu na kuletwa kwa kina Kenga, Sabaki, na watu wa Adu wana sharti moja ambalo hawalilegezi kwa mtu yeyote: mwali wao hutembea kwa zumari. Gari humshusha barabarani. Mpigaji wa upande wa bwana harusi humpokea, huanza kupuliza, na mwali huzifuata sauti hizo polepole hadi mlangoni kwa mumewe. Zumari isikatike. Ikikatika, hata kwa kikohozi, wanawake wa Adu hutandika kanga hapo hapo wakamketisha mwali chini, nao huanza wimbo wao:

*Zumari imelala, imelala njiani,*
*Mwali kaketi chini, kaketi majanini,*
*Bwana yu mlangoni, angoja mke gani?*

Na wimbo huo haufi siku ile. Pale Sabaki kulikuwa na nyumba moja inayoitwa Majanini. Mama wa nyumba hiyo alikuwa na wajukuu wanaosoma sekondari, na bado mtu akiuliza njia huambiwa, "Pita kwa Majanini, kisha ukate kushoto." Jina la mumewe hakuna aliyelikumbuka.

Mpigaji wa familia alikuwa Mangi, binamu yao. Lakini Mangi aliteleza kwenye ngazi akavunja meno mawili ya mbele, na zumari haishikwi na ufizi mtupu. Wazee walipokuwa bado wanakuna vichwa, Kenga alikwisha kusimama. "Nipeni mimi," alisema. Wakamtazama. Mwambire akamtazama zaidi ya wote. "Kenga, ni mke wangu huyu, si mchezo." Kenga akajibu kwamba mchezo haujui, na hapo akajifunga kamba mwenyewe.

Pumzi ya kuzungusha alikuwa anaiweza. Hiyo alijifundisha mwaka mzima kwa bua la mpapai ndani ya bilauri ya maji: unapuliza mapovu, na kabla kifua hakijaisha unajaza mashavu, mashavu yanasukuma hewa huku pua inavuta nyingine, na mapovu hayakatiki. Kwa sauti moja ndefu angeweza kupuliza mpaka wali uive. Taabu ilikuwa kona. Wimbo huo ni mfupi, dakika moja hivi, nao hurudiwa na kurudiwa. Na kutoka barabarani hadi mlangoni kwa Mwambire, kwa mwendo wa bibi harusi, ni dakika kumi. Kona kumi. Kenga alikuwa akivuka moja kati ya tatu.

Alipoanza mara ya tano jioni ile, mlango wa jirani ulifunguka kwa kishindo. Akatoka Mama Njenga, fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni na pini tatu zikiwa zimebanwa mdomoni. Jina lake Charity, mzaliwa wa Murang'a, na miaka kumi na tisa ya Malindi ilikuwa haijamfundisha kuongea polepole.

"Wewe Kenga!" Akazitoa pini mdomoni, akazichomeka begani. "Mimi nimechoka!"

"Shikamoo, Mama Njenga."

"Marahaba. Nimechoka! Huo mwanzo wako nimeujua mpaka juzi kanisani nimeuimba badala ya zaburi. Mwanzo unaujua. Sisi wote tunaujua. Mbuzi wa Dzombo anaujua. Kwa nini kila siku unaupiga?"

"Ndiyo mazoezi hayo, mama."

"Hayo si mazoezi, hayo ni harusi! Unapiga, watu wanashangilia, unafurahi, unaanguka pale pale, unarudi juu kwenda kushangiliwa tena."

Barazani watu wakacheka. Kenga akahisi masikio yakipata moto. Alikuwa kijana asiyependa kuchekwa, hasa mbele ya watu ambao dakika moja nyuma walikuwa wakimpigia makofi.

"Mama Njenga, kwa heshima yako yote," alisema, "wewe zumari umepuliza lini?"

"Sijapuliza hata filimbi ya refa."

"Basi."

"Basi nini? Zipu nimeshona elfu ngapi? Msichana ninayemfundisha akishindwa na zipu, unafikiri namwambia ashone suruali nzima tena? Nampa vitambaa viwili na zipu moja. Anashona, anafumua, anashona, anafumua. Miguu ya suruali anaiweza tayari, ya nini kumaliza uzi?"

Dzombo akapiga paja. "Kenga, umeshonwa leo!"

Kenga akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Akakaa kitandani na zumari mapajani, akihesabu majibu makali ambayo angempa yule mama. Alipata manne mazuri. Lakini kila alipolitunga jibu moja hadi mwisho, lile neno la harusi lilirudi na kulikata, na alijua kwa nini: lilikuwa kweli.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alisimama kwenye mlango wa duka la cherehani.

"Umekuja kunitukana?" aliuliza Mama Njenga bila kuinua macho.

"Nilikuwa na matusi manne. Nimeyaacha nyumbani."

Mama akacheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Kisha akachukua simu yake. "Kaa hapo. Nilikurekodi siku tatu nimtumie dada yangu Murang'a, aone mateso ninayoishi nayo. Sikiliza mwenyewe."

Kenga hakuwahi kujisikia. Alikuwa akijisikia kwa ndani, kwenye mifupa ya kichwa, ambako kila mpigaji ni bingwa. Simuni alikuwa mtu mwingine. Jumatatu: kwiiik. Jumanne: kwiiik. Jumatano: kwiiik, pale pale, kama aliyepimiwa kwa futi. Akaomba kusikia tena, na tena, mara hii sikio likiwa kwenye spika. Ndipo akakisikia kitu kidogo ambacho si muziki: *hsss!* Pua yake ikivuta hewa. Ilivuta pale pale konani, kwa pupa, kama mtu aliyeamka ndani ya maji.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, mama. Irudishe."

*Hsss.* Kwiiik.

"Nimechelewa," akasema Kenga, na sauti yake ikapanda. "Nimechelewa! Kosa haliko konani! Ule mteremko ni rahisi, hauli pumzi, kwa hiyo nalegea, nasahau kuvuta. Nikifika konani mashavu hayana kitu. Kona haina makosa yoyote!"

"Kama zipu," akasema Mama Njenga. "Mkunjo unaonekana juu, lakini ulipokosea kushona ni inchi mbili chini."

Kenga alikwisha kutoka mlangoni. Akarudi. "Asante, mama." Akatoka tena.

Jioni ile watu wa barazani walikuja na vibao vyao vya kukalia. Hawakupata mwanzo. Walipata sauti tano tu: tatu za mwisho za mteremko na mbili za kona, polepole, polepole kama mtu anayevuka daraja bovu. Pua ilivuta kwenye sauti ya kwanza, mashavu yangali yamejaa. Kisha kimya. Kisha sauti tano hizo hizo.

"Wimbo umeupoteza wapi?" akauliza Dzombo.

"Nimeufumua."

"Kenga, hii ni kama kusikiliza mtu akipiga chafya."

"Nenda nyumbani, Dzombo."

Wakaenda, mmoja mmoja, na jambo hilo lilimuuma Kenga kuliko alivyotarajia. Mama Njenga akamletea vifungo kumi vya shati kwenye kifuniko cha kopo. Ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake. Ukipita kona vizuri, unakisogeza kimoja kulia. Ukikosea, vyote vinarudi kushoto, hata kama umefika cha tisa.

"Hata cha tisa?"

"Hasa cha tisa."

Siku ya kwanza alifika cha nne. Siku ya pili alifika cha sita, akakirusha kifuniko ukutani, akatumia robo saa akitafuta vifungo chini ya kitanda. Akajifunza kwamba hasira inakula muda. Akajifunza pia kwamba dakika ishirini asubuhi, ishirini jioni, zinashinda saa mbili za kukaza mishipa, kwa kuwa midomo ikichoka hujifunza uchovu. Kazini, wakati wa chakula, alikaa juu ya katoni za vigae na kuuzungusha wimbo kichwani, vidole vikicheza kwenye mpini wa mwiko, pua ikivuta mahali pake. Mafundi walidhani ana mafua.

Siku ya sita, kifungo cha saba, cha nane. Cha tisa. Furaha ikataka kuja kabla ya wakati wake. Akaishusha zumari, akanywa maji, akatazama ukuta mpaka moyo ulipotulia. Akapuliza. Mteremko, hewa, kona, na sauti ikapanda wima, safi, bila hata mkwaruzo, kama mlingoti usioonyesha mahali ulipounganishwa.

Kumi!

Akapiga ukelele. Cherehani ikanyamaza, na kupitia ukutani kikaja kigelegele cha Kimurang'a, kifupi na kibaya, kitamu kuliko makofi yote aliyowahi kupigiwa. Ndipo akaongeza sauti mbili nyuma, mbili mbele. Kisha kasi kidogo. Kisha wimbo mzima. Kisha mizunguko mitatu, mitano, kumi, na kila kona ilipokuja alikuwa akiingoja, mashavu yamejaa.

Siku nne kabla ya harusi alitoka nje kwa majivuno yake yote yaliyorudi, akaita, "Dzombo! Njoo usikie sasa!" Akaanza kupuliza akitembea kuelekea kwake. Hatua ya kumi, mguu ukakanyaga jiwe, ulimi wa zumari ukagonga jino. Kwiiik!

Alisimama pale barabarani kama aliyepigwa kofi. Wiki mbili nzima alifanya mazoezi akiwa ameketi. Na Pola hangeletwa akiwa ameketi.

"Usilie," akasema Dzombo, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania. "Tufanye nini?"

"Tembea nyuma yangu. Uwe bibi harusi."

Siku tatu zilizofuata watu wa mtaa ule waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: Dzombo, mtu mwenye ndevu, amejifunga kanga mbili, anatembea kwa maringo mchangani, Kenga anamtangulia kwa zumari, na Mama Njenga pembeni anapiga kelele kila tusi alijualo ili Kenga azoee kuvurugwa na wanawake wa Adu. "Miguu kama ya kuku! Masikio kama sahani!" Mara ya kwanza Kenga alicheka, zumari ikakatika. Mara ya kumi na mbili hakucheka. Aligundua magoti yakilegea kidogo shingo haitikisiki, basi akayalegeza magoti, akatembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Adhana ilipolia walinyamaza wote, Dzombo akavua kanga akaenda msikitini, kisha akarudi na kujifunga upya.

Jumamosi, saa tisa alasiri, gari lilisimama kando ya barabara ya Sabaki. Pola alishuka amefunikwa, na nyuma yake wakashuka wanawake kumi na wawili wa Adu waliojifunga hando, sketi zao za marinda, wakiongozwa na shangazi yake, Priscilla, mwanamke mnene mwenye macho ya mwamuzi. Ndiye aliyemlea Pola tangu akiwa na miaka mitatu.

"Huyu ndiye mpigaji?" akauliza Priscilla. "Mbona bado anyonya?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kanga ya kumkalisha mwali ninayo mkobani. Nimeifua jana." Wenzake wakacheka. "Haya, anza."

Kule mlangoni, hatua mia nne, Mwambire alisimama na kanzu nyeupe, mikono nyuma, amekaza uso. Kenga akalowesha ulimi wa zumari, akalegeza magoti, akaanza.

Nyuki wakaamka. Ngoma zikaingia. Mzunguko wa kwanza, mteremko, hewa, kona. Ikapita! Wa pili, wa tatu. Wanawake wa Adu walitazamana. Priscilla akainua kidole, na mwendo ukabadilika: hatua mbili mbele, moja nyuma. Mbili mbele, moja nyuma. Kenga akahesabu mara moja. Hizi hazitakuwa dakika kumi, zitapita ishirini.

Hofu ikamjia. Akaikataa. Kona ishirini si kitu kimoja kikubwa, akajiambia. Ni kona moja, kisha nyingine. Sauti tano. Hewa kwenye ya kwanza.

Kwenye mti wa mkanju, katikati ya njia, Priscilla akatoa kitu mkobani. Haikuwa kanga. Ilikuwa embe bichi lililokatwa vipande, limepakwa chumvi na pilipili. Akajipanga mbele ya Kenga, uso kwa uso, akitembea kinyumenyume, akatia kipande mdomoni na kukitafuna polepole, macho yakifumba kwa ukali. "Mmmh!" akasema. "Chachu hiyo!"

Mate yakamjaa Kenga kama bomba lililofunguliwa. Hilo hakulifanyia mazoezi. Mama Njenga alikuwa ametukana kila kitu, lakini embe hakuleta! Sauti ya zumari ikaanza kuwa na maji ndani yake, ikigugumia. Watu wa Sabaki wakashika vinywa. Mlangoni, Mwambire alipiga hatua moja mbele, akajizuia. Mwanamke mmoja wa Adu alikwisha kuitoa kanga, akaikung'uta.

Kenga akafumba macho. Embe likatoweka. Zikabaki sauti tano. Pua huvuta kwa kitambo kidogo sana, mashavu yakiwa yanasukuma, na katika kitambo hicho koo halina kazi. Basi koo na lifanye kazi! Kwenye mteremko, badala ya kuvuta, akameza. Mashavu yakasukuma. Kwenye sauti iliyofuata akavuta. Hewa ikafika konani ikiwa imebaki tone, na zumari ikapanda, nyembamba, ikayumba kama mtoto anayeanza kusimama, kisha ikasimama.

Sabaki ikalipuka. Vigelegele, kofia hewani, mtu akapiga sufuria. Kenga akafumbua macho na kumtazama Priscilla wazi wazi, akapita kona nyingine, akameza, akapita nyingine. Priscilla akala embe lote, vipande vyote, mpaka yeye mwenyewe machozi ya pilipili yakamtoka, na mwishowe akautupa mfuko wa chumvi majanini akaanza kucheza. Hatua moja nyuma ikasahaulika. Wanawake wa Adu wakaongeza mwendo, Pola chini ya mtandio alikuwa akicheka mabega yakimtikisika, na zumari ikawavuta wote, hatua mia moja, hamsini, kumi, hadi kiatu cha mwali kilipogusa kizingiti.

Kenga akaishikilia sauti ya mwisho zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa na haki. Kisha akaiacha.

Mwambire alimshika mdogo wake kwa mikono miwili, akamtikisa kama mtu anayetikisa mkorosho, akamwachia, akamgeukia mkewe.

Midomo ya Kenga ilikuwa imekufa ganzi. Mama Njenga, gauni lake la zambarau likiwa limeloa jasho, alikuwa akimweleza kila mtu kwamba huyu ni mwanafunzi wake wa zipu, na hakuna aliyemwelewa. Priscilla akapenya katikati ya watu, akasimama mbele ya Kenga. Hakuwa akitania tena. Alitazama mlango ambao Pola alikuwa amepotelea ndani, akatazama barabara ya kurudi Adu.

"Umemleta," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka ushindwe, ili akae pale majanini nami niwe naye kidogo zaidi. Nyumba yangu leo haina mtu. Wapigaji huleta tu. Sijaona anayerudisha."

Kenga akajaribu kusema, midomo ikakataa, akaisugua kwa kidole mpaka damu ikarudi. Kisha akasema kwa nguvu, ili Mwambire aliye ndani asikie, na watu wa Adu wasikie:

"Shangazi, mwezi ujao Pola atakuja kukusalimia. Nitampigia zumari kutoka barabarani mpaka mlangoni kwako."

"Kwangu ni mbali, mwanangu. Ni mwendo wa saa nzima, na kuna mlima."

"Basi nitafanya mazoezi ya mlima kwanza," akasema Kenga. "Weka chai jikoni, shangazi. Nitamleta, na zumari haitakatika."